Takwimu za maji duniani: AQUASTAT, JMP, GRDC, setilaiti au Aqueduct? Chagua kulingana na kazi yako

Kila Mkenya ana mita za ujazo 645 za maji kwa mwaka. Kila Mkenya ana mita za ujazo 435 za maji kwa mwaka. Sentensi zote mbili unaweza kuzitengeneza mwenyewe kwa kalkuleta ya simu, na zote zitakuwa na chanzo kimoja cha kuheshimika: Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Chukua kilomita za ujazo 30.7, gawanya kwa watu milioni 47.6 wa sensa ya 2019, unapata 645. Chukua kilomita za ujazo 20.7, gawanya kwa watu walewale, unapata 435. Namba ya kwanza inajumlisha maji yanayoingia kutoka nchi jirani. Ya pili ni yale yanayotokana na mvua ya Kenya peke yake. Hakuna aliyedanganya, ila mwenye haraka ya kumaliza andiko la mradi huokota ile inayotisha zaidi.

Vyanzo vya kimataifa vya takwimu za maji ni vingi, na vingi ni vya bure. Wanaochagua kwa kuangalia jina la shirika au uzuri wa ramani huishia pabaya. Swali la kuanza nalo ni hili: namba hii nani aliipima, na kwa kifaa gani? Ukiuliza hivyo, vyanzo vyote vinajigawa vyenyewe. Kuna namba zilizoripotiwa na serikali, zilizopatikana kwa kuwauliza watu nyumbani kwao, zilizopimwa mtoni au kutoka angani, na zilizokokotolewa na kompyuta. Kila kundi lina kazi yake, na ukilitumia kwa kazi ya kundi lingine unaharibu.

Historia yake kwa ufupi. UNESCO ilianzisha Muongo wa Kimataifa wa Hidrolojia mwaka 1965. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ukafanya mkutano wake mkubwa wa kwanza wa maji mjini Mar del Plata, Argentina, na mpango uliotoka pale ulianza na suala la kupima na kutathmini rasilimali za maji. Mkutano mwingine wa ngazi ile ulikuja kufanyika New York mwaka 2023, miaka 46 baadaye. Kwetu, kilichowasukuma majirani kukaa meza moja kilikuwa Ziwa Victoria lenyewe: lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, likafunika magati na mashamba, na mwaka 1967 ukaanza mradi wa pamoja wa kupima mvua, mito na kina cha maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert, ukisaidiwa na Umoja wa Mataifa.

AQUASTAT: namba ya nchi, wala si habari ya mwaka huu

AQUASTAT ni hazina ya FAO, Roma. Ukitaka kulinganisha nchi na nchi, anzia hapa. Tanzania ina kilomita za ujazo 96.27 za maji yanayojirudisha kila mwaka, na 84 kati ya hizo zinatokana na mvua ya ndani. Uganda ina 60.1, na 39 ni za ndani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina 1,283, yaani zaidi ya mara kumi na tatu ya Tanzania.

Tatizo ni kwamba wengi husoma namba hizi kama vile zimepimwa mwaka jana. Hazikupimwa mwaka jana. Ni wastani wa miaka mingi, uliotokana na tafiti za zamani na taarifa za serikali, na kwa kawaida hubaki vilevile mwaka hadi mwaka. Ukichora grafu ya maji kwa kila Mtanzania kuanzia 1990 hadi leo, mstari utashuka vizuri kabisa kama ngazi, na utashawishika kuandika kwamba mito inakauka. Kilichobadilika kwenye grafu hiyo ni idadi ya watu tu. Kwa sensa ya 2022, watu milioni 61.7, Tanzania inapata kama mita za ujazo 1,560 kwa kila mtu, chini ya mstari wa 1,700, unaohesabiwa kuwa mwanzo wa msongo wa maji, uliowekwa na mwanahidrolojia Malin Falkenmark wa Sweden. Hiyo ni habari ya kweli kuhusu ongezeko la watu. Kuhusu mto wa kwenu haisemi kitu.

Jambo la pili ni maji ya mikataba. Misri kwenye AQUASTAT ina kilomita za ujazo 57.5, na karibu zote, 55.5, zinatoka Nile. Namba hiyo ya 55.5 haikutoka kwenye kipimo chochote cha mto. Ni mgawo wa Misri katika makubaliano ya mwaka 1959 kati yake na Sudan, makubaliano ambayo nchi za juu ya mto hazikuwamo na haziyatambui. Mwandishi wa Kampala au Addis Ababa anayeinakili namba hii bila maelezo anakuwa amekubali bila kujua upande mmoja wa mgogoro.

Na kuna kitu kingine kisichohesabiwa kabisa: unyevu wa udongo shambani. Mkulima wa mahindi wa Mbeya anayetegemea mvua anatumia maji ambayo hayamo kwenye zile 96.27, kwa sababu AQUASTAT inahesabu maji ya mito, maziwa na chini ya ardhi. Kama kazi yako ni kilimo cha mvua, au unataka kujua skimu ya umwagiliaji inapoteza maji kiasi gani, achana na jedwali la nchi ukafungue WaPOR, ya FAO hiyohiyo, inayokadiria kwa setilaiti maji yanayotumiwa na mimea, Afrika na Mashariki ya Karibu zikiwamo.

JMP: inahesabu watu, haihesabu maji

JMP ni mpango wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, unaofuatilia huduma ya maji na vyoo tangu 1990. Ndiko inakotoka ile namba iliyozunguka sana, kwamba mwaka 2022 watu bilioni 2.2 duniani hawakuwa na maji ya kunywa yaliyo salama kwa vigezo vyake vya juu.

Ukiiweka kando ya AQUASTAT, Kongo inakuwa kichekesho cha huzuni. Nchi yenye maji mengi kuliko zote Afrika, na huku mamilioni ya watu wake wakichota kwenye visima visivyolindwa na mitoni. Namba hizi mbili hazipingani, maana moja inahesabu mto na nyingine inahesabu ndoo. Anayeandika juu ya "uhaba wa maji Kinshasa" kwa kutumia AQUASTAT amekosea mlango.

Sasa, kwa nini takwimu za JMP hazifanani na za wizara? Hapa inafaa kuingia ndani kidogo, kwa sababu maofisa wa wilaya huulizwa swali hili na wafadhili kila mara. JMP inategemea zaidi tafiti za kaya na sensa: mtu anakuja mlangoni, anauliza maji ya kunywa mnayapata wapi, na inachukua dakika ngapi kwenda, kupanga foleni na kurudi. Zikizidi 30, hata kama bomba lenyewe ni zuri, kaya hiyo inashuka daraja. Sera ya maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilipima kwa njia nyingine: kituo kiwe ndani ya mita 400 na kihudumie watu 250. Fikiria bomba la kijiji lililo mita 200 kutoka kwa mama fulani, lakini foleni yake ni saa mbili. Kwa umbali, mama huyo amefikiwa. Kwa JMP ana huduma yenye mapungufu. Ofisa wa maji akisema kijiji kimefikiwa na JMP ikasema bado, inawezekana wote wawili wamesema kweli. Mimi huwa naweka namba zote mbili na kueleza kila moja imepimaje. Mfadhili mwenye akili anapenda hivyo.

Daraja la juu kabisa la JMP linataka maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na vinyesi wala kemikali hatari. Kwa nchi nyingi masikini sehemu hiyo haina data ya kutosha kwa sababu hakuna aliyepima maji ya ndani ya nyumba.

Onyo la kiufundi kwa wanafunzi: usichukue namba kutoka ripoti ya 2017 ukailinganisha na ya ripoti ya 2023. Kila toleo JMP hukokotoa upya miaka yote. Pakua faili la karibuni, chukua mfululizo mzima humo.

GRDC dhidi ya ofisi ya bonde

Hapa ndipo penye ugumu, na ndipo penye faida kubwa kwa anayefanya kazi ya kweli ya mto.

GRDC ni kituo cha dunia cha takwimu za mtiririko wa mito, kilichopo Koblenz, Ujerumani, tangu 1988, chini ya mwavuli wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO. Kina vituo zaidi ya 10,000 kutoka nchi zipatazo 160. Unaingia mtandaoni, unachagua mto kwenye ramani, unapakua mtiririko wa kila siku au kila mwezi, bila malipo, kwa masharti kwamba usiufanyie biashara wala kuusambaza kwa wengine.

Inavutia, hadi utakapofungua faili la mto wa Afrika Mashariki. Mifululizo mingi inakatika miaka ya 1970, 1980 au mwanzoni mwa 1990. Sababu ziko mbili zilizofungamana. Vituo vyenyewe vilichakaa bajeti zilipokatwa: rula ya kupimia kina ilichukuliwa na mafuriko, msomaji wa kipimo akakosa posho, akaacha. Na hata vilivyobaki hai, serikali haikulazimika kupeleka takwimu zake Koblenz. Azimio namba 25 la WMO la mwaka 1999 linazihimiza nchi kupeana takwimu za maji bila malipo na bila vikwazo, lakini kuhimiza ni kuhimiza. Nchi inayogombania mto na jirani yake haina hamu ya kumkabidhi namba zake. Mwaka 2021 WMO ikapitisha sera mpya ya kupeana data za hali ya hewa, maji na tabianchi kwa pamoja, na hata hiyo haina askari.

Kwa hiyo GRDC inakupa zamani. Ya leo utaikuta ofisini kwa watu: Tanzania ni Bodi za Maji za Mabonde, tisa kwa jumla, kuanzia Pangani hadi Ziwa Nyasa, Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, yenye maeneo sita ya mabonde. Utaandika barua rasmi, utaeleza matumizi, mara nyingine utalipa ada, na utasubiri. Nashauri usubiri. Namba utakazopata zina namba ya kituo, na pale yupo mtu wa kumuuliza kwa nini Aprili yote ni tupu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tofauti. Kituo cha Msembe, namba 1KA59, kiko kwenye mto Ruaha Mkuu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Zamani mto ule ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwishoni mwa 1993, kipimo cha Msembe kilianza kuonyesha sufuri wakati wa kiangazi, na hali hiyo ikajirudia mwaka baada ya mwaka. Viboko wakabanana kwenye madimbwi. Juu ya kituo kuna bonde la Usangu, na mashamba yake ya mpunga, na ardhioevu ya Ihefu. Chini yake kuna bwawa la Mtera. Mgao wa umeme uliposhika kasi, vidole vilinyooshwa kila upande: wakulima, wafugaji, mvua, uendeshaji wa bwawa. Mjadala huo wote ungekuwa wa maneno matupu kama pasingekuwa na kitabu cha vipimo cha Msembe. Namba ya nchi ya AQUASTAT, ile ya kilomita za ujazo 96.27, isingekuonyesha lolote kati ya haya.

Usizichukue namba za kituo kama Msahafu, hata hivyo. Kinachosomwa mtoni ni kina cha maji tu, kwenye rula ya chuma iliyosimikwa ukingoni, asubuhi na jioni. Mtiririko unapatikana kwa kubadili kina kuwa mita za ujazo kwa sekunde, kwa kutumia jedwali lililotengenezwa na mafundi waliokuja na kifaa cha kupima kasi ya maji na kushuka mtoni au kukining'iniza kutoka darajani. Mafuriko makubwa yakipita, mchanga unahama, sakafu ya mto inabadilika, na jedwali la zamani linaanza kudanganya. Zaidi ya hapo, karibu hakuna anayeshuka mtoni kupima siku ya mafuriko yenyewe, kwa hiyo namba za juu kabisa kwenye faili ni makisio yaliyovutwa kutoka kwenye vipimo vya siku za kawaida. Muulize fundi wa bonde jedwali lilihakikiwa lini mara ya mwisho. Jibu lake litakusaidia kuliko kurasa kumi za ripoti.

Kwa mto unaovuka mpaka, kuna ngazi ya katikati: Mpango wa Bonde la Nile, uliozinduliwa Dar es Salaam Februari 1999 na wenye makao Entebbe, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, Bujumbura. Zina ramani na takwimu ambazo nchi wanachama zimeshakubali zitolewe. Hiyo ndiyo nguvu yake na ndio udhaifu wake: kilichokubaliwa na wote mezani huwa kimeshapitiwa na wanadiplomasia. Kwa jiografia ya bonde, ukubwa wake, mvua na matumizi ya ardhi, ni vyanzo bora. Kwa nani anastahili kiasi gani, usitegemee jedwali.

Setilaiti: tatu tofauti, zisichanganywe

Watu husema "data za setilaiti" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa maji, kuna angalau tatu, na zinatofautiana kama vituo vya chini vinavyotofautiana.

Ya kwanza hupima usawa wa ziwa kwa rada. Ilianza na TOPEX/Poseidon mwaka 1992, zikafuata Jason tatu, na sasa Sentinel-6. Kwa ziwa kubwa kama Victoria usahihi wake ni wa sentimita chache, na unaupata bure kutoka Wizara ya Kilimo ya Marekani, Hydroweb ya Ufaransa au DAHITI ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich. Kama kazi yako ni kina cha ziwa, sioni sababu ya kutoanzia hapa.

Umuhimu wake ulionekana mwaka 2005 na 2006. Ziwa Victoria lilikuwa linashuka kwa kasi, na serikali zililaumu ukame. Ukame ulikuwepo kweli. Lakini mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuona mstari wa ziwa ukishuka, akalinganisha na mvua, akauliza maji ya ziada yamekwenda wapi. Jibu lilikuwa Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka ziwani: mabwawa ya Nalubaale na Kiira yalikuwa yanafungua maji zaidi ya ule utaratibu wa makubaliano uliowekwa bwawa la Owen Falls (jina la zamani la Nalubaale) lilipojengwa, uliotaka kinachotoka kilingane na kile ambacho ziwa lingetoa lenyewe bila bwawa. Kipimo kisicho cha serikali yoyote ya bonde kiliyafanya mazungumzo yawezekane.

Mtego upo kwenye sufuri. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Baadhi ya taarifa ziliandika kana kwamba ziwa lina kina cha mita 13. Sufuri ya rula ya Jinja iko kama mita 1,123 juu ya usawa wa bahari, mita 13.42 ni umbali kutoka hapo. Setilaiti nazo zina sufuri zao. Ukitaka kuunganisha mfululizo wa Jinja na wa setilaiti, linganisha kwanza miaka ambayo vyote viwili vipo, upate tofauti, ndipo uunganishe.

Ya pili ni GRACE, ya Marekani na Ujerumani: setilaiti mbili zilizorushwa Machi 2002, zikifuatana kwa umbali wa kilomita kama 220. Zikipita juu ya eneo lenye uzito mkubwa, umbali kati yao hubadilika kidogo mno, na badiliko hilo hutafsiriwa kuwa maji yaliyoongezeka au kupungua chini yake. Ni kama kupima gunia bila kulifungua: unajua uzito, hujui kilichomo. Maji ya ziwa, ya udongo na ya chini ya ardhi yote yanakuja kama namba moja, na kuyatenganisha kunahitaji modeli nyingine. Zile za kwanza zilikoma mwaka 2017, warithi wake wakarushwa Mei 2018, kwa hiyo kuna pengo la karibu mwaka mzima ambalo wengine hulijaza kimyakimya.

GRACE ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote kwetu. Uwezo wake wa kuona ni eneo la kama kilomita 300 kwa 300. Bonde lote la Pangani, kilomita za mraba zipatazo 43,000, ni dogo kuliko hapo. Lakini ukipakua faili la maabara ya JPL ya NASA utaona miraba midogo ya nusu digrii, na mwanafunzi ataamini ana namba ya wilaya yake. Kipimo chenyewe kimefanywa kwa vipande vya digrii 3. Miraba midogo ni mgawanyo tu. Tena ukiwa karibu na Ziwa Victoria, uzito wa ziwa huvuja kwenye miraba ya jirani. Ukiona "maji ya ardhini" ya mkoa wa Mara yameongezeka ghafla 2020, kuna uwezekano mkubwa umepima ziwa. Itumie kwa pembe nzima ya Afrika, kwa bonde zima la Kongo, kwa Nile. Kwa kisima cha kata, hapana.

Ya tatu, SWOT, ilirushwa Desemba 2022 na Marekani na Ufaransa. Inaona mito yenye upana wa kuanzia mita 100 na maziwa madogo kiasi cha mita 250 kwa 250, na hurudi njia ileile kila siku 21. Kwa Rufiji ya chini na mabwawa ya kati, hii ni neema. Mara na Ruvu ni myembamba kuliko hapo.

Aqueduct na ramani nyekundu

Aqueduct ya Taasisi ya Rasilimali za Dunia, WRI, Washington, ndiyo inayosambaa zaidi mitandaoni, kwa sababu ina rangi. Toleo la 4.0 la Agosti 2023 liliweka nchi 25 kwenye kundi la msongo wa juu kabisa, Oman, Bahrain, Kuwait na Qatar zikiwamo. Chini ya rangi hizo kuna modeli ya hidrolojia kutoka Utrecht, Uholanzi, inayokokotoa maji yaliyopo na yanayotumika. Rangi ni uwiano kati ya viwili hivyo.

Hapo ndipo Kongo inakuwa ya rangi ya utulivu: maji mengi, matumizi kidogo. Matumizi ni kidogo kwa sababu mabomba hayapo, jambo ambalo ramani haikuambii. WRI wenyewe wanasema chombo chao ni cha kulinganisha maeneo makubwa na hakina msaada mkubwa kwa uamuzi wa eneo dogo. Benki inayoamua kujenga kiwanda Morogoro au Nakuru kwa kuangalia rangi hizi imeruka sentensi hiyo. Kwa kampuni yenye viwanda nchi ishirini inayotaka kujua ianzie wapi kuuliza maswali, Aqueduct ni nzuri sana.

Ubora wa maji una GEMStat, hazina ya data ya mpango wa GEMS/Water ulioanzishwa 1978, unaoratibiwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kutoka Nairobi huku data zikitunzwa Koblenz. Vituo vya Afrika ni vichache, na vyenye mfululizo mrefu ni vichache zaidi. Tazama kama mto wako umo. Ukikosa, nenda maabara ya maji ya mkoa. Na ripoti ya kila mwaka ya Umoja wa Mataifa kuhusu maji, inayoandaliwa na ofisi ya UNESCO ya Perugia, Italia, ni ya hoja zaidi kuliko ya data. Namba zake zimetoka vyanzo hivihivi, kwa hiyo fuata namba hadi ilikotoka. Kwa habari ya mwaka uliopita tu, ripoti ya WMO ya hali ya maji duniani, iliyoanza kutolewa 2022, inafaa kuliko hiyo.

| Unachotaka kujua | Anzia | Usitumie |
|---|---|---|
| Nchi ina maji kiasi gani | AQUASTAT | GRACE |
| Watu wangapi wana maji ya kunywa | JMP pamoja na takwimu za wizara | AQUASTAT, Aqueduct |
| Mto unatiririka kiasi gani leo | Ofisi ya bonde | GRDC peke yake |
| Mto ulikuwaje miaka ya 1960 | GRDC, kisha ofisi ya bonde | Aqueduct |
| Ziwa limepanda au limeshuka | Rada ya setilaiti na rula | GRACE |
| Ukame wa kanda nzima | GRACE, ripoti ya WMO | Kituo kimoja cha mto |
| Nianzie wapi kati ya nchi nyingi | Aqueduct | Ofisi moja ya bonde |

Mwandishi wa habari mwenye siku mbili: JMP na wizara kwa huduma, rada ya setilaiti kwa ziwa, na simu moja kwa ofisi ya bonde. Mwanafunzi mwenye miezi sita: andika barua ya bonde wiki ya kwanza, kabla hata ya kumaliza sura ya kwanza, kwa sababu majibu huchelewa, wakati unasubiri, pakua GRDC na uone miaka inayoingiliana. Mwandika maandiko ya miradi: acha ramani nyekundu kwenye jalada kama lazima, ila ndani weka kituo cha mto kilicho karibu na kijiji, namba yake, miaka yake, na miezi iliyokosekana. Chini ya kila grafu andika chanzo, kipindi, na tarehe uliyopakua, maana JMP na AQUASTAT hubadilisha mafaili yao bila kukutumia ujumbe.